Pampu Chini ya Shati, Mbeya hadi Kilolo

Ndugu zangu wa kibarazani, mmeniuliza mara tatu sasa Kilolo kulikuwaje. Mara zote nimejibu "salama tu", nikainama kwenye cherehani nikaendelea na pindo langu. Haikuwa salama. Nimeamua kuandika, kwa sababu nikianza kusimulia mbele yenu nitageuza kuwa mzaha, ninavyojijua, na mkishacheka nitashindwa kurudi kwenye ukweli.

Jambo la kwanza hamlijui, ingawa tumekaa pamoja miaka yote hii. Nina kisukari. Nimekaa nacho tangu nikiwa na miaka ishirini na sita. Kile kidude mkandani kwangu, ambacho niliwaambia ni chaja ya simu, ni pampu ya insulini. Inasukuma dawa kidogo kidogo usiku na mchana, kupitia mrija mwembamba kama uzi wa nailoni ambao mwisho wake umeingia kwenye ngozi ya tumbo. Nikitaka kula, nabonyeza vitufe kuieleza nitakula kiasi gani, nayo inaongeza dawa. Kila baada ya siku tatu nabandua mrija na kuweka mwingine. Namna nilivyoipata kwa daktari wa kliniki ni hadithi yenye fomu nyingi, naiacha.

Mke wangu anajua. Wengine wote niliwaficha, ukoo mzima wa Kilolo pamoja na nyinyi. Nilipougua nilikuwa nimetoka tu kuchumbia, na huko kwetu watu walishaanza kusema kuwa mwanamume mwenye sukari si mwanamume tena. Nikanyamaza. Baadaye kunyamaza kukawa kazi yangu ya pili baada ya ushonaji.

Sasa, mwaka huu, kaka yangu Festo akanipigia simu. Binti yake Tumaini, wa kidato cha tatu, amekutwa na kisukari. Amepewa sindano, hataki. Siku mama yake akilia, anachoma. Siku mama asipolia, hachomi. Anasema msichana wa kujichoma tumbo kila siku hataolewa wala hatasoma, bora yaishe.

"Anakusikiliza wewe kuliko sisi wote," Festo akaniambia. "Jumapili ijayo mdogo wake anapata kipaimara. Njoo kwa kisingizio hicho, uzungumze naye."

Festo hakujua anamwomba nani. Mimi nilijua. Nikajiambia nitafika, nitamwita Tumaini pembeni, nitapandisha shati nimwonyeshe: tazama, baba yako mdogo ana miaka kumi na tisa nayo, ameoa, amezaa, anashona suti. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, na kipaimara kilikuwa kisingizio tu.

Mbeya hadi Makambako

Basi liliondoka mapema, baridi ikiwa bado imekaa Uyole kama mgeni asiyeaga. Nilikaa dirishani. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja Msangu, aliyekuwa akienda Iringa kwa mwanawe, na miguuni ameweka kikapu cha ndizi mbivu. Mzee msafi, mwenye kofia ya sufu, na mwenye nafasi ya kutosha ya kuzungumza.

Tulipopita Chimala, pampu ikaanza kulia. Mkanda wa kiti ulikuwa umebana mrija, na ikibanwa hulia mpaka uishughulikie.

"Simu hiyo, kijana," mzee akasema. "Pokea."

Nikatabasamu. Ikalia tena.

"Anakutafuta sana huyo. Nani?"

Hapo palikuwa na nafasi rahisi kabisa. Mzee nisiyemjua, ambaye sitamwona tena. Ningesema tu, mzee wangu, hii ni dawa yangu ya sukari. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Mke wangu, mzee. Tumegombana kidogo."

Jamani, nilijuta kabla hatujafika Igawa. Mzee alivua kofia, akaiweka gotini, akanipa somo la ndoa lililokwenda hadi Makambako. Alinieleza jinsi yeye na bibi yake walivyonuniana msimu mzima wa mpunga kwa sababu ya jembe, na mwisho hakuna aliyekumbuka jembe lenyewe. Kila pampu ilipolia, alinigusa goti. "Mpokee, mwanangu. Mwambie umekosea. Hata kama hukukosea." Mwishowe niliingiza mkono chini ya shati nikaunyoosha mrija, huku nikijifanya najikuna. Ikanyamaza. Mzee akasikitika sana. "Umeona? Amekata tamaa," akasema.

Nje kidogo ya Mafinga

Kosa la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Tulipokaribia Mafinga, kondakta alitangaza kuwa baada ya dakika ishirini tutasimama kula. Nikafurahi. Nikabonyeza dawa ya chakula mapema, sahani nzima ya wali na nyama, ili nikifika nile haraka kama watu wengine.

Hatukufika. Lori la mbao lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, mbao zimemwagika kuanzia mtaro huu hadi mtaro ule. Dereva wake alikuwa mzima, amekaa juu ya gogo anakula muhindi. Watu wakashuka. Wengine wakaenda kusaidia kubeba mbao, wengine wakaenda kuwafundisha wanaobeba namna ya kubeba.

Dawa ikishaingia mwilini huwezi kuirudisha. Inatafuta chakula, na isipokipata inakula sukari iliyopo kwenye damu, mpaka unaanza kuzimika. Glukosi yangu ilikuwa kwenye begi, na begi nilikuwa nimeliacha liende kwenye buti la basi, kwa sababu sikutaka mzee anione nikilamba unga mweupe akauliza maswali. Buti lilikuwa limefungwa, na kondakta mwenye ufunguo alikuwa huko kwenye mbao.

Nilianza kutetemeka. Jasho likanitoka kwenye ile baridi ya Mufindi. Nilitaka kumwita kondakta, ulimi ukawa mzito, nikatembea hatua tano nikaenda upande. Kulikuwa na mama amekaa kando ya barabara na madumu yake ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, abiria kadhaa wamemzunguka wanakunywa. Wakaniona.

"Huyu kaanza lini? Sisi ndio kwanza tunaonja!"

"Ulanzi wa Mufindi hauna heshima, kaka. Kaa chini!"

Walicheka sana. Nami, nikiwa na akili kidogo iliyobaki, nikacheka nao. Ndugu zangu, nataka mnielewe hapa. Nilikuwa nakaribia kuanguka, na nilichokifikiria ni kwamba afadhali waseme nimelewa. Mlevi anachekwa kisha anasahauliwa, lakini mgonjwa huulizwa maswali.

Aliyeniokoa ni yule mzee Msangu. Alinishika kwapani, akanikalisha kwenye nyasi, akamenya ndizi. "Kula, mwanangu. Zinakata pombe." Nilikula nne, kama mtu aliyetoka jela. Baada ya muda dunia ikarudi mahali pake, misonobari ikasimama wima. Mzee alikuwa ananitazama kwa huruma ambayo bado inaniuma.

"Sasa naelewa kwa nini mama anapiga simu," akasema taratibu. "Ni hii pombe."

Sikumwambia. Barabara ilifunguliwa baada ya kusubiri saa tatu nzima, na kutoka hapo hadi Iringa mzee aliunganisha somo la ndoa na somo la ulevi. Tulipoagana alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ataniweka kwenye dua. Nilimshukuru. Mzee huyo anamwombea mlevi mwenye mke mwenye hasira, na mlevi huyo hayupo.

Iringa hadi Kilolo

Ipogolo nilipata gari dogo la kupanda Kilolo. Hapo sina la kulalamikia zaidi ya gunia la viazi lililokaa miguuni kwangu na kunilazimisha kukunja magoti hadi kidevuni. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima. Nitaanza hivi, nitamaliza vile. Nilifika jua linazama, ukungu umeshuka hadi kwenye paa la Festo.

"Kamwene," Festo akanipokea, akanishika begani muda mrefu kuliko kawaida. Kaka yangu alikuwa amezeeka kwa miezi michache.

Tumaini alikuja kuniamkia. Amekonda, macho yamekuwa makubwa. Zamani alikuwa akinirukia. Safari hii alipiga goti kidogo, akasema "Shikamoo, baba mdogo", akarudi jikoni. Tulipokula ugali na njegere, alikula kama ndege. Mama yake alimtazama yeye, Festo akanitazama mimi.

Nilisema nitazungumza naye kesho baada ya sherehe. Nilikuwa nimechoka, hilo ni kweli, lakini kulikuwa pia na woga. Ningekwenda jikoni jioni ileile, nikaketi kwenye kigoda karibu naye na kupandisha shati, nisingekuwa ninaandika haya.

Jumapili ya kipaimara

Ibada ilikuwa nzuri na ndefu. Baadaye watu wakajaa uani: pilau, kuku, soda, vitambaa vipya, watoto wa kipaimara wakitembea kama maofisa kwenye suti zao. Ya mwana wa Festo nilishona mimi, na nilijivunia mabega yake.

Jirani wa Festo ni Mama Komba, mjane wa mwalimu mmoja, Mngoni wa Songea. Wangoni ni watani wetu sisi Wahehe, na Mama Komba anaitumia haki yake kikamilifu. Mtani akikuchokoza hukasiriki. Akichukua kitu chako, hukinyang'anyi. Unalipa faini anayoitaja, watu wanacheka, anakurudishia. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako. Na mnajua wanachotutania: eti Mhehe akiudhiwa kidogo tu anatafuta kamba ya kujinyonga.

Nilikuwa nimeinama kunawa mikono, shati likapanda nyuma. Mama Komba alikuwa ndiye anayemimina maji.

"Jamani! Jamani njooni!" akapiga kelele. "Mhehe huyu kaja na kamba yake kabisa kiunoni! Hakutaka kuwasumbua wenyeji!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kabla sijainuka, ameshashika mrija na kuvuta. Nilihisi gundi inabanduka tumboni. Pampu ikatoka mkandani, akaiinua juu, mrija unaning'inia.

"Kitu gani hiki, Mhehe?"

Tumaini alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sinia la soda. Nilimwona, na yeye alikuwa ananitazama. Watu wote walikuwa wakisubiri jibu, nami sikuhitaji hata kumwita pembeni. Neno moja tu lingetosha.

"Redio," nikasema. "Ya kusikilizia mpira."

"Mpira! Kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yako! Faini!"

Faini ilikuwa kucheza lizombe, ngoma yao Wangoni. Nikacheza. Nilicheza kama mbuzi aliyekanyaga makaa, watu wakalia kwa kicheko, Festo mwenyewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mama Komba akasema haijatosha, Mhehe hafundishwi lizombe kwa siku moja. Akaitia pampu kifuani ndani ya khanga, na yeye na kundi lake wakaondoka kwenda kwenye kipaimara cha nyumba nyingine, kilima cha pili. Hakuwa na ubaya wowote. Angejua, angeibeba kama mtoto mchanga.

Wakaniketisha nikale. Shemeji akanijazia pilau, akaniwekea soda iliyofunguliwa. Sikuwa na dawa mwilini, wala sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitaja. Nikala. Kufikia saa kumi mdomo ulikuwa mkavu kama kitambaa cha turubai, nilishakwenda chooni mara nne, kichefuchefu kimeanza. Nilijitenga nyuma ya nyumba nikiwa na jagi la maji.

Tumaini akanikuta hapo. Alisimama ananitazama nikinywa.

"Baba mdogo, hilo ni jagi la pili."

"Pilau ilikuwa na chumvi."

"Hata mimi nilikuwa nakunywa hivyo," akasema. "Kabla hawajanipima." Akanitazama kiunoni. "Ile si redio."

Akageuka, akaenda kwenye chungu walichokizika mchangani nyuma ya jiko ili dawa zake zikae kwenye ubaridi. Akaja na kichupa cha ile inayofanya kazi haraka, na bomba la sindano ambalo halijafunguliwa. Dawa yake, aliyokuwa akiikataa, alinipa mimi kwa mikono miwili.

Nikachukua. Nikaingia bafuni, nikavuta mlango wa bati, nikafunga na komeo. Nilikuwa napandisha shati niliposikia sauti yake nje.

"Baba mdogo, mbona umefunga mlango?"

"Watu wataona," nikasema.

Ndivyo nilivyomjibu.

Alikwenda mwenyewe kilima cha pili akarudi na pampu kabla ya jioni. Sijui alimwambia nini Mama Komba. Nilikuwa na mrija wa akiba kwenye begi, nikaurudisha, pia bafuni, pia kwa komeo. Kisha nikakaa naye kwenye benchi nyuma ya nyumba, nikatoa hotuba niliyoifanyia mazoezi toka Ipogolo. Nilimwambia kila kitu: nimeugua lini, nilivyooa, watoto wangu, jinsi ya kuhesabu chakula. Aliuliza maswali mazuri. Alitaka kuigusa pampu, nikatazama kwanza kama kuna mtu, ndipo nikampa aguse.

"Sawa, baba mdogo," akasema mwishoni. "Nitachoma. Kila siku."

Nilitaka kulia kwa furaha. Halafu nikaongeza sentensi moja ambayo ningetoa cherehani yangu kuirudisha mdomoni. Nilisema, "Ila haya yabaki kati yetu sisi wawili, eh? Hata baba yako."

Akaitikia kwa kichwa.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Festo alinisindikiza hadi kwenye gari, akauliza nilimwambia nini, maana asubuhi ile msichana alikuwa amejichoma bila kubembelezwa. Nikasema mambo ya kawaida tu. Mafinga barabara ilikuwa nyeupe, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala nusu kwa hesabu sahihi. Nilijisikia shujaa hadi Uyole.

Nilifanya jambo moja zaidi, nanyi mliliona. Ile sketi ya shule niliyoishona wiki niliyorudi, mkaniuliza kwa nini naiwekea mfuko wa ndani wenye zipu, nikasema ni wa nauli. Ulikuwa wa sindano za Tumaini. Nilishona kwa ustadi wangu wote, mshono usionekane hata ukiikunjua sketi mwangani. Nikaituma kwa basi. Alinitumia ujumbe kunishukuru.

Likizo ilipokwisha alirudi bwenini, akiwa amewaambia wazazi kuwa shuleni atajieleza mwenyewe. Alichoma kila siku, kama alivyoahidi. Alichomea chooni, mlango umefungwa, kabla ya kwenda kula. Siku moja alijichoma, na chakula cha jioni kikachelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Wenzake walishaingia darasani kujisomea alipoanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mnajua shule zetu za wasichana, binti akianguka jambo la kwanza ni mapepo. Walimshika mikono na miguu, wakakemea, wakaimba. Wale watoto walimpenda, waliomba mpaka sauti zikakauka. Matroni alipekua sanduku na vitu vyake vyote kutafuta kama kuna dawa anayotumia, hakuona kitu. Tumaini alichohitaji ni soda moja.

Mwalimu mmoja ndiye aliyemfikisha kituo cha afya, wakampima, wakajua. Alikaa siku mbili bila kufahamu mtu. Amepona, wanasema. Lakini anasahau. Festo ananiambia anatoka chumbani kwenda jikoni, akifika jikoni anasimama, hajui amefuata nini. Hesabu alizokuwa akizipenda sasa zinamtoa machozi.

Festo bado hajui kuhusu mimi. Kesho nampigia, na kesho kutwa napanda basi. Karatasi hii nitaiacha juu ya meza ya kukatia, muisome nikiwa njiani.

Juzi nilizungumza na Tumaini kwa simu. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia hata msichana mmoja, rafiki tu wa kitanda cha jirani. Nilitaka anilaumu, nadhani. Hakunilaumu. Alifikiri kidogo, kama anayetafuta neno lililompotea, kisha akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilidhani ndivyo inavyofanywa, baba mdogo."